Sura ya Saba: Nta na Risasi

Ukiingia soko la Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda, asubuhi kabla malori ya kutoka mpakani Oraba hayajaanza kuziba njia, utawakuta mafundi viatu wameshaketi. Kila mmoja ana msharasi, kisu, kopo la gundi, na karibu na goti lake donge la kitu cha rangi ya kahawia, kubwa kama ngumi ya mtoto, lililochimbwa vijifereji na uzi. Ni nta ya nyuki. Fundi akishakata uzi huupitisha pale mara tatu nne, anauvuta kwa nguvu mpaka unalia, ndipo anaanza kushona.

Nilimuuliza mzee mmoja kati yao: "Mzee, si mshumaa wa dukani ni rahisi kupata?" Hakujibu kwa maneno. Alichukua kipande cha mshumaa, akakipitishia uzi, akaukunja uzi ule kidoleni. Unga mweupe ukadondoka juu ya goti lake. Akachukua uzi mwingine, akaupitisha kwenye donge lake la nta, akaukunja vilevile. Hakikudondoka kitu.

"Ile inapaka," akasema. "Hii inashika."

Maneno hayo mawili, kupaka na kushika, yalinirudia baadaye nilipokuwa nasoma habari za bunduki za karne ya 19. Watu wa ghala za silaha za Uingereza walihangaika na swali la fundi wa Koboko: ni kitu gani kitashika, kisiyeyuke juani, kisikatike kikikunjwa, wala kisile kile kilichopakwa? Wao walikuwa wanapaka vichwa vya risasi. Na baada ya kujaribu mafuta ya kila namna, walirudi kwa nyuki.

Naiweka habari hiyo hapa kwa makusudi, katikati ya kitabu cha nyuki wa West Nile. Nchi hii imeijua risasi kuliko ilivyoijua thamani ya nta. Tukielewa kwa nini watu wa silaha waliitafuta nta, tutauelewa ubora wake kwa njia fupi kuliko zote. Na tukishauelewa, tutajua ni mali gani tunayoimwaga kichakani kila tunaporina asali.

Jina moja, vitu viwili

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni madini laini ya kijivu, mazito kuliko maji zaidi ya mara kumi na moja. Risasi pia ni kile kinachotoka kwenye bunduki. Neno lilikuja kutoka Kiarabu likiwa jina la madini, na kwa kuwa kwa karne nyingi kila kilichopigwa kwa bunduki kilikuwa cha madini hayo, jina likabaki kwa vyote viwili hata baada ya viwanda kubadili utengenezaji.

Madini haya yalipendwa kwa sababu yanatii. Yanayeyuka kwenye nyuzi 327, joto ambalo jiko la mkaa lenye kupulizwa linalifikia. Yanamiminwa kwenye kalibu na kutoka na umbo lake. Ukiyakwaruza kwa ukucha, alama inabaki. Katika gobore la zamani, ambalo ndani ya mtutu ni laini kama bomba, goroli ya risasi iliteremshwa kupitia mdomo wa mtutu ikiwa imefungwa katika kitambaa chenye mafuta, na kazi ikaishia hapo.

Shida ilianza pale mitutu ilipochongwa mifereji ndani, iliyojipinda kama nyuzi za skrubu, ili kichwa cha risasi kitoke kikizunguka na kwenda moja kwa moja. Sasa madini laini yalibanwa kwenye kingo kali na kusukumwa kwa kasi. Yaliacha utando mtutuni, na utando ukazidi kwa kila mlio. Juu ya hapo kulikuwa na baruti nyeusi, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa. Inabaki kama masizi na chumvi, yanayokauka yakawa magumu kama ukoko wa chungu. Baada ya milio michache, risasi inayofuata haiingii.

Ndipo kilainishi kikawa jambo la kufa na kupona. Na kilainishi cha kazi hiyo kinaulizwa maswali manne. La kwanza: kitayeyuka lini? La pili: kitashika au kitabanduka? La tatu: kikibanwa, kitalainika na kutambaa, au kitapasuka? La nne: kitakaa na madini miaka bila kuyala? Msomaji ayashike maswali hayo manne, maana tutayatumia tena tutakapofika kwenye nta yetu.

Mafuta yaliyotikisa dola

Jibu la kwanza la majeshi ya Ulaya lilikuwa shahamu, yaani mafuta ya wanyama yaliyoyeyushwa na kugandishwa. Yalikuwa rahisi na yalipatikana kila machinjioni. Lakini shahamu huanza kulegea kwenye nyuzi 40 hivi. Ndani ya sanduku la risasi lililoachwa juani India au Sudani, mafuta yalitoka kwenye kichwa cha risasi yakaingia kwenye karatasi iliyokizunguka. Yakikaa sana yalichacha, na asidi yake ikaanza kuila risasi na kuiachia vumbi jeupe. Shahamu ilifaulu swali la tatu, ikaanguka la kwanza na la nne.

Kuna anguko jingine ambalo hakuna mhandisi aliyelipima. Mwaka 1857 jeshi la Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki lilikuwa linaingiza bunduki mpya ya Enfield. Askari alitakiwa kuchana karatasi ya risasi kwa meno kabla ya kumimina baruti. Uvumi ukaenea kambini kwamba karatasi ile imepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe. Kwa Mhindu na kwa Mwislamu, hilo lilikuwa tusi linaloingizwa mdomoni. Mapema mwaka huo askari waliruhusiwa kupaka wenyewe nta na mafuta waliyoyaamini, lakini imani ilikuwa imeshavunjika. Tarehe 9 Mei, askari 85 wa Meerut waliokataa risasi walizopewa walitiwa minyororo mbele ya wenzao. Kesho yake uasi ukalipuka.

Uasi ule ulikuwa na sababu nyingi: ardhi, kodi, wafalme walionyang'anywa viti vyao. Mafuta ya risasi yalikuwa cheche. Lakini baada yake Waingereza waliongeza nta ya nyuki kwenye mchanganyiko wao na kupunguza shahamu, na bunduki yao ya baadaye, Martini-Henry ya mwaka 1871, ilipewa kisahani cha nta ndani ya ganda la risasi yake, kati ya baruti na kichwa cha risasi. Kila askari wa Malkia aliyebeba bunduki hiyo katika Afrika alibeba mkobani kazi ya nyuki.

Njia ya bunduki hadi West Nile

West Nile yenyewe haikungoja Waingereza ili ione bunduki. Wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Khartoum walikuwa wameshafika kandokando ya Nile katikati ya karne ya 19. Baada yao wakaja watu wa serikali ya Misri. Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta, aliyahamishia makao yake Wadelai, ukingo wa magharibi wa Nile, mwaka 1885, akiwa amekatwa na njia ya kaskazini kwa vita vya Mahdi kule Sudani. Askari wake walibeba bunduki za Remington, na shida yao kubwa ilikuwa risasi zilizokuwa zinakwisha. Henry Morton Stanley alipokutana naye ziwani Albert Aprili 1888, katika mzigo uliosalia baada ya safari ya msitu wa Kongo yalikuwamo masanduku kama thelathini ya risasi za Remington.

Askari wa Emin hawakupotea. Mwaka 1891 afisa Mwingereza, Lugard, aliwachukua wengi wao kuwaingiza katika utumishi wa Waingereza, na wajukuu wao ndio Wanubi tunaowajua leo Arua, Bombo na Kibera, wenye Kinubi chao.

Kisha kikaja kipindi ambacho wazee wa Lugbara na Kakwa walikisimulia kwa uchungu. Upande wa magharibi wa Nile ulikodishwa kwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kwa mkataba wa 1894, ukaitwa Lado. Leopold alikufa Desemba 1909, na mwaka uliofuata eneo likarudishwa kwa serikali ya Sudani. Sehemu ya kusini ilihamishiwa Uganda mwaka 1914, na mwaka huohuo A. E. Weatherhead akaweka kituo cha serikali Arua. Katika miaka ile ya mpito, Lado ilikuwa shamba lisilo na mwenyewe. Wawindaji wa pembe walivuka Nile na kuua tembo kwa mamia. W. D. M. Bell, aliyekuwa mashuhuri kuliko wote, aliua tembo wengi kwa bunduki yenye kipenyo kidogo, milimita 7 tu.

Risasi za Bell hazikuhitaji nta nje. Mwaka 1882 Mswisi Eduard Rubin alikuwa ameonyesha namna ya kuivika risasi koti la shaba, na mwaka 1886 Ufaransa ikatoa bunduki ya Lebel iliyotumia baruti isiyo na moshi. Shaba haiachi utando kama risasi tupu, na baruti mpya haiachi ukoko. Kwa hiyo wakati Waingereza wanapandisha bendera Arua, kazi kubwa ya nta katika bunduki ilikuwa imekwisha. Ilibaki kwa wenye magobore.

Watu wa hapa walitafuta kinga yao wenyewe. Rembe, nabii Mkakwa, aligawa maji yaliyoitwa Yakan, na walioyanywa waliamini kwamba risasi za serikali hazitawapata. Ilikuwa imani ileile iliyowasukuma wafuasi wa nabii Kinjekitile katika vita vya Maji Maji kule kusini mwa Tanganyika, 1905 hadi 1907. Rembe alinyongwa Yei mwaka 1917, na mwaka 1919 wafuasi wa Yakan katika nchi ya Lugbara walipambana na serikali. Maji hayakuizuia risasi. Nalitaja hilo kwa heshima kwa walioyanywa. Mtu anayeelekezewa mtutu hushika kile alicho nacho.

Na bunduki hazikuishia hapo. Baada ya Rais Idi Amin, mtu wa West Nile, kuangushwa mwaka 1979, watu wa West Nile walilipishwa kwa makosa ya serikali iliyoondoka, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Kongo na Sudani. Vikundi vya waasi vikafuata. Mkataba kati ya serikali na kimojawapo, UNRF II, ulitiwa saini Yumbe, jirani wa Koboko, tarehe 24 Desemba 2002. Mtu aliyezaliwa siku ile sasa ni mtu mzima. Huyo ndiye ninayemwandikia sura hii.

Wanavyochagua wanaopaka risasi leo

Nta haikuondoka kabisa kwenye risasi. Marekani na nchi nyingine ambako sheria inaruhusu, wako watu wanaomimina vichwa vya risasi nyumbani kwa ajili ya michezo ya kulenga shabaha na bunduki za kale. Nimesoma mijadala yao kwa makini, maana hakuna kundi jingine linaloichunguza nta kwa ukali kama wao. Wanaipima kwa maswali yetu manne.

Nta ya parafini, inayotokana na mafuta ya petroli, ni nafuu na safi. Haili madini. Lakini ni ya fuwele, na ikipoa inakuwa kavu: ukiikunja inapasuka, ukiibana inakatika badala ya kutambaa. Ndiyo ule unga mweupe uliodondoka gotini kwa mzee. Nta ya karnauba, inayokwanguliwa kwenye majani ya mnazi-pori wa Brazili, haiyeyuki mpaka nyuzi 82 au zaidi, na inang'aa vizuri. Peke yake ni ngumu mno, kwa hiyo inatiwa kidogo tu ili kuipa nguvu nyingine. Nta ya nyuki inayeyuka kati ya nyuzi 62 na 64. Hiyo ni juu ya joto la mchana la Koboko. Inashika. Haichachi. Upungufu wake ni mmoja: kwenye baridi inakuwa ngumu kidogo, kwa hiyo huchanganywa na kitu laini, kama shahamu, lanolini ya manyoya ya kondoo, au mafuta ya mimea. Kwa miaka mingi mchanganyiko mashuhuri huko Marekani umekuwa nusu kwa nusu: nta ya nyuki na kilainishi cha kiwandani kiitwacho Alox.

Ukiondoa bunduki kwenye habari hiyo, kinachobaki ni somo la thamani. Hakuna kitu kimoja kinachojibu maswali yote. Kuchagua nta ni kuchagua mchanganyiko. Na katika michanganyiko mingi, kiungo kinachowekwa kwanza, kile ambacho vingine vinaongezwa ili kukisaidia, ni nta ya nyuki.

Lakini bunduki lazima tuiondoe, na nasema hivi bila kuzunguka. Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inamkataza mtu asiye na leseni kutengeneza silaha na risasi, na katika nchi ya mipaka mitatu kama Koboko, inayopakana na Kongo na Sudani Kusini, kila mtu anajua kwa nini. Kuna sababu nyingine ambayo haihitaji polisi. Madini ya risasi ni sumu. Hayana kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa salama mwilini. Vumbi na moshi wake huingia kwenye damu, na kwa mtoto hushambulia ubongo: akili inadumaa, na hakuna dawa ya kuirudisha. Sumu hiyo iliwapata watu wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri za gari. Phyllis Omido aliwapigania mpaka akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Anayeyeyusha betri kuukuu kwenye jiko la nyuma ya nyumba, iwe kwa ajili ya vyuma vya kuzamishia nyavu au kitu kingine, anawalisha watoto wake sumu ileile.

Nta, kwa upande wake, unaweza kuitafuna.

Wanawake elfu na magamba yao

Nta haitoki kwenye ua. Mtu akisema nyuki hukusanya nta, amekosea. Nyuki wa kike, kibarua wa mzinga, akifikia umri wa wiki mbili hivi, tezi nane zilizo chini ya tumbo lake huanza kutoa majimaji yanayoganda yakawa magamba membamba, meupe, yenye kupenyeza mwanga. Gamba moja lina uzito wa miligramu moja hivi. Analichukua kwa mguu, analipeleka mdomoni, analitafuna, kisha analibandika mahali pake kwenye sega. Ili kutengeneza kilo moja ya nta, nyuki hula kilo sita mpaka nane za asali. Ndiyo maana nasema kwamba nta ni asali iliyopikwa mara ya pili, ndani ya tumbo la nyuki.

Sasa fikiria tunavyorina. Mizinga mingi ya West Nile bado ni ya magogo au ya kusuka iliyokandikwa kwa samadi. Katika mizinga hiyo sega lote hukatwa na kukamuliwa. Anayefuga kwa mizinga ya kisasa ya fremu hurudisha sega kwa nyuki na kupata nta kidogo sana. Anayekata sega hupata karibu kilo moja ya nta kwa kila kilo kumi za asali. Kwa hiyo mfugaji wa mzinga wa gogo, anayeambiwa kila siku kwamba yuko nyuma, ndiye tajiri wa nta. Na ndiye mara nyingi anayeyamwaga makapi kichakani, akiwaachia siafu.

Methali yetu inasema, fuata nyuki ule asali. Ni methali nzuri, lakini imetufunza kuishia kwenye asali.

Kuipata nta hakuhitaji mashine. Mwanzoni nilifanya kosa ambalo nataka msomaji aliepuke: niliyachemsha makapi katika sufuria kuukuu ya chuma juu ya moto mkali. Nta ikatoka rangi ya majivu, yenye harufu ya kuungua, na hakuna aliyetaka kuinunua. Chuma na shaba huitia nta rangi, na moto wa moja kwa moja huiharibu na unaweza hata kuiwasha. Njia sahihi alinifunza mama mmoja wa nje kidogo ya Arua, ambaye nyua zake zimejaa mizinga. Aliloweka makapi usiku kucha ili asali iliyobaki itoke, akayafunga katika gunia safi, akaliweka gunia kwenye sufuria ya alumini yenye maji ya mvua, na jiwe juu yake ili lisielee. Moto ulikuwa mdogo. Maji yalitetemeka bila kuchemka. Kila baada ya muda alilibana gunia kwa mti. Macho yangu yalikuwa kwenye maji. Kwanza yalitoka machafu, kisha matone ya dhahabu yakaanza kupanda na kuungana, mpaka yakafunika uso wote wa sufuria.

"Usiguse," aliniambia nilipotaka kuitoa. "Iache ilale."

Akaifunika kwa kanga, ipoe polepole. Asubuhi alitoa sahani nzima ya nta ya manjano, akakwangua tope lililoganda chini yake, akaninyooshea. Ilinuka asali na moshi kidogo. Nta, iliyo nyepesi kuliko maji, huelea, uchafu huzama. Kazi yote ya usafi ilikuwa imefanywa na subira.

Kuitambua nta halali

Soko la nta lina walaghai wake, kama soko la asali. Wengine huchanganya parafini, wengine mafuta ya ng'ombe. Mkono wako unatosha kuwakamata. Vunja donge: nta halali huvunjika ikionyesha chembechembe zisizong'aa, wala haionekani kama kioo. Iliyotiwa parafini inapenyeza mwanga na inateleza mkononi. Tafuna kipande: nta safi haigandi menoni. Iliyotiwa shahamu inaacha ulimi una mafuta. Kanda kipande kwa vidole mpaka kipate joto lako: nta halali inanyumbulika bila kuvunjika na inatoa harufu ya mzinga.

Kisha rudia maswali manne ya watu wa risasi, kwa kazi za nyumbani kwako. Fundi viatu anahitaji nta inayoshika: mpe nta tupu. Mwenye batiki anataka sehemu nyingine ishike na nyingine ipasuke ili rangi ipenye kama mishipa, kwa hiyo anachanganya nta ya nyuki na parafini, akiongeza parafini kadiri anavyotaka nyufa. Mtengeneza mafuta ya midomo na ngozi anataka kitu kinacholainika kwa joto la mwili: anachanganya nta na mafuta ya shea. Na hapa West Nile ina bahati ya pili, maana mshea wa ukanda huu wa Nile hutoa mafuta laini kuliko ule wa Afrika Magharibi. Kwenye joto la Arua huwa karibu majimaji. Peke yake hayakai kwenye kopo. Yakitiwa nta, yanasimama. Seremala anataka kitu kisichokula mbao wala bawaba: nta tena. Anayetengeneza mishumaa anataka kitu kiyeyukacho kwa joto la juu, ili kisipinde mchana: nta.

Wako walioliona hilo kabla yangu. Maria Odido alianzisha Bee Natural na kiwanda mjini Arua cha kuchakata asali ya wafugaji wa West Nile, na Uganda ilipata ruhusa ya kuuza asali yake katika Umoja wa Ulaya mwaka 2005. Shirika la taifa la wafugaji nyuki, TUNADO, limekuwa likiwasukuma wafugaji waitunze nta pamoja na asali. Majirani zetu wa Tanzania wameuza nta nje tangu enzi za Wajerumani, na nta ya Tabora ilikuwa ikipanda meli kabla Arua haijawa mji. Hakuna linalotuzuia isipokuwa mazoea.

Neno kwa mfugaji

Nta haina dhambi ya bunduki. Iliombwa ifanye kazi, ikaifanya vizuri: ikashika, ikavumilia jua, ikakubali kubanwa, wala haikula ilichowekewa. Sifa hizo ni zake popote itakapowekwa. Zimewahi kuitumikia risasi kwa muda mrefu. Sasa zitumikie uzi wa kiatu, kitambaa cha batiki, mdomo wa mtoto uliopasuka kwa upepo wa kiangazi.

Kwa hiyo msimu ujao, ukishakamua asali, usimwage makapi. Yaloweke, yafunge kwenye gunia, tafuta sufuria ya alumini na maji ya mvua, weka moto mdogo, kisha uiache ilale. Katika kila kilo kumi za asali utakazouza, kuna kilo moja ya nta inayokungoja.